Jaribio la vikundi, onyesho, kura ya vidole au mradi: uchague ipi kwa kipindi cha sayansi?

Mwalimu anayeandaa somo la fizikia, kemia au biolojia hathubutu tena kuandika "mhadhara" peke yake kwenye safu ya mbinu. Tangu mtaala unaojenga umahiri uingie sekondari za Tanzania mwaka 2005, na sasa kwa mtaala ulioboreshwa, anayetakiwa kufanya kazi kubwa darasani ni mwanafunzi. Hilo wengi tumelikubali. Tunapokwama ni pale pa kuchagua. Mbinu shirikishi ni nyingi, kipindi ni dakika 40, darasa lina watoto 70, na ammita zilizo nzima kabatini ni mbili.

Hapa nimezilinganisha zile ninazoona zinatekelezeka katika shule za kawaida, hasa za kata. Kila moja nimeiuliza maswali mawili. Kwa wakati mmoja, ni watoto wangapi wanaolazimika kufikiri? Na mwalimu anajuaje wanachofikiri kabla kengele ya kipindi haijalia? Nasisitiza maswali haya kwa sababu siku hizi mbinu shirikishi imegeuka kuwa kupanga madawati. Mthibiti ubora akiingia akakuta watoto wamekaa duara, mwalimu anapumua. Lakini mtoto aliyekaa kwenye duara akimtazama mwenzake akiandika hajashirikishwa chochote.

Jaribio la vikundi au onyesho la kubashiri?

Hizi mbili ndizo zinazogombea kipindi kimoja mara nyingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Tuanze na jaribio la vikundi. Chukua darasa la wanafunzi 72 na seti 6 za bureti, ule mrija wenye koki wa kupimia kimiminika. Kila kundi lina watoto 12. Mmoja anafungua koki, mmoja anatikisa flaski, mmoja anasoma kipimo, mmoja anaandika. Wanane waliobaki wanasubiri namba ili wanakili. Mwalimu amehangaika kuandaa myeyusho tangu asubuhi, gharama imetumika, na theluthi mbili ya darasa haijagusa kitu. Kwa hesabu hiyo jaribio la vikundi linashindwa swali langu la kwanza, ingawa kwenye karatasi linaonekana ndilo shirikishi kuliko yote.

Hata hivyo lina kitu ambacho hakuna mbinu nyingine inayokitoa. Kusoma bureti jicho likiwa usawa mmoja na uso wa kimiminika, kufunga koki tone moja kabla rangi haijazidi, kurudia hadi vipimo vikaribiane: haya hujifunzwa kwa mikono. Mtihani wa Kidato cha Nne unalo karatasi la vitendo kwa fizikia, kemia na biolojia, na Kenya nako karatasi la tatu la KCSE katika masomo hayo ni la vitendo. Mtoto anayeshika bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani ameonewa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: seti moja ikiangukia watoto zaidi ya sita, usifanye jaribio la darasa zima. Ligawe darasa. Katika vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, nusu waingie maabara na nusu wabaki na maswali ya kukokotoa ya mada hiyohiyo, kisha wabadilishane. Fundi sanifu wa maabara akiwepo kazi inakuwa nyepesi. Asipokuwepo, wale waliobaki darasani wapewe kazi ya kukusanywa, la sivyo kelele zitakuita katikati ya jaribio. Ndiyo, kila kundi linapata muda mfupi. Lakini sasa watoto 36 kwa seti 6 ni sita kwa seti, na sita wanaweza kupokezana.

Namna ya kuliongoza jaribio nayo inatofautiana. Karatasi ya maelekezo inayotaja kila hatua, "mimina mililita 20, ongeza matone mawili", hutoa majibu safi na watoto wasiojua walichokuwa wakitafuta. Upande wa pili kuna uchunguzi huru: wape vifaa, wagundue wenyewe. Sikubaliani nao kwa wanaoanza. Mwaka 2006 Kirschner, Sweller na Clark walieleza vizuri kwa nini: anayeanza, akiachwa atafute njia yote peke yake, akili yake hujazwa na kuhangaika, na kinachobaki kichwani ni kidogo. Katikati ya hizo mbili kuna uchunguzi wa kuongozwa, ambapo mwalimu anatoa swali na vifaa, wanafunzi wanaamua wapime nini na waandikeje matokeo.

Mfano unaofanya kazi bila maabara ni wa osmosisi. Kila kundi la watoto wanne lipewe kiazi mviringo kimoja, vikombe vinne, chumvi na rula. Swali: chumvi kiasi gani huanza kunyauza kiazi? Wao ndio waamue kukata vipande vya urefu sawa, waamue vijiko vya chumvi kwa kila kikombe, waamue wasubiri muda gani. Baada ya nusu saa hadi dakika 40 kipande cha kwenye maji matupu kimekakamaa, cha kwenye chumvi nyingi kinapinda kikishikwa. Kundi lililosahau kupima urefu wa mwanzo litagundua lenyewe kwamba halina cha kulinganisha, na somo hilo la kisayansi ni kubwa kuliko osmosisi yenyewe. Kwa kemia, choya iliyochemshwa hutoa kiashirio kizuri: huwa nyekundu kwenye maji ya limao na hugeuka kuelekea kijani kwenye maji ya magadi. Wenzetu wa Kenya waliuchukua ubunifu wa vifaa kama nguzo kamili tangu mradi wa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi sekondari, ulipoanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani; shughuli, mwanafunzi, jaribio na ubunifu wa vifaa vilisimama pamoja kama kanuni moja ya kuandaa somo.

Sasa onyesho. Onyesho la kawaida, mwalimu mbele na watoto wanatazama, lina sifa mbaya na inastahili. Ninalolisemea ni lile la hatua tatu: bashiri, tazama, eleza. White na Gunstone wa Australia waliliandika kwa kina mwaka 1992. Unahitaji yai moja na glasi mbili, moja ya maji matupu, nyingine ya maji yaliyokolezwa chumvi. Kabla hujatumbukiza chochote, kila mwanafunzi anaandika kwenye daftari: yai litazama au litaelea, katika glasi ipi, na kwa nini. Unapita kati ya madawati ukisoma. Hapo ndipo unapokutana na "litazama kwa sababu ni zito" mara thelathini, na unajua kwamba darasa bado halijatenganisha uzito na msongamano. Ndipo unatumbukiza. Kisha wanaeleza, na aliyebashiri vibaya anaandika upya sababu yake chini ya ile ya kwanza bila kuifuta.

Nguvu yote iko kwenye kuandika kabla. Ukiruka hatua hiyo, yai likielea kila mtu atasema alijua. Ukiifuata, watoto wote 72 wamefikiri kwa yai moja, kwa dakika kama 15. Hakuna jaribio la vikundi linaloweza kufika hapo kwa vifaa hivyo.

Pia ipo kemia isiyopaswa kufanywa na wanafunzi kabisa. Sodiamu kwenye maji, gesi ya klorini, kuzimua asidi kali ya salfuriki ambapo asidi ndiyo huingizwa kwenye maji na kamwe si maji kwenye asidi: kwa haya chaguo ni onyesho tu, na kubashiri ndiko kunakolitia uhai.

Udhaifu wake ni kwamba mikono haijifunzi kitu, na wa nyuma hawaoni. Inua vifaa juu ya meza, tumia vyombo vikubwa vinavyopitisha mwanga, na usichague jambo linalotegemea kusoma mizani ndogo. Tena lijaribu siku moja kabla. Yai la zamani huelea hata kwenye maji matupu, na onyesho zima huharibika mbele ya darasa.

Kati ya hizi mbili, mimi nafungua mada kwa onyesho la kubashiri na kuweka jaribio la vikundi baadaye, watoto wakishakuwa na swali ambalo wanataka jibu lake. Wengi hufanya kinyume: nadharia wiki mbili, kisha jaribio la kuthibitisha kilichokwisha kuandikwa ubaoni.

Kura ya vidole au fikiri–jozi–shirikisha?

Kura ya vidole ndiyo mbinu ninayoionea uchungu zaidi, kwa jinsi inavyofaa shule zetu na jinsi isivyotumika. Asili yake ni Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, aliyebaini mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba wanafunzi wake walikokotoa maswali magumu lakini walikosa maswali mepesi yanayohitaji kuelewa dhana. Vyuo vya huko hutumia vifaa vya elektroniki kupigia kura. Vidole vinatosha.

Swali linaandikwa ubaoni likiwa na majibu manne. Balbu moja imeungwa kwenye betri. Mkondo wa umeme unaotoka kwenye balbu kurudi kwenye betri, ukilinganishwa na ule ulioingia kwenye balbu, ni (1) mdogo, (2) sawa, (3) mkubwa, (4) hakuna kabisa. Dakika moja ya kimya, kila mtu peke yake. Kisha kwa ishara moja kila mtu anaonyesha vidole kifuani, asione wa jirani. Unahesabu kwa jicho. Wengi watachagua la kwanza, kwa sababu wanaamini balbu "inakula" mkondo. Waliopata wakiwa wachache sana, chini ya 30 kwa kila 100, rudi ufundishe. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi uendelee. Wakiwa katikati, usiseme jibu. Waambie kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti, amshawishi kwa sababu, dakika mbili. Piga kura tena. Mara nyingi jibu sahihi hupanda, kwa kuwa aliyeelewa dakika tano zilizopita bado anakumbuka kilichomtatiza na anajua pa kumgusa mwenzake.

Inahitaji chaki. Watoto wote wamefikiri, na mwalimu ameona vichwa vyote kwa sekunde kumi. Kwa maswali yangu mawili, hakuna mbinu inayoishinda.

Ugumu uko kwenye kuandika swali. Majibu yasiyo sahihi lazima yatokane na mawazo ambayo watoto wanayo kweli. Ukiweka majibu ya ovyo, wote watapata na hakuna aliyejifunza. Daftari za mwaka jana na majaribio ya mwezi ndizo hazina yako. Kwa biolojia, jaribu hili: uzito wa mbao za mwembe mkubwa umetoka wapi hasa, udongoni, majini, hewani au kwenye jua? Wakishabishana, wape habari ya mwanasayansi van Helmont, aliyekuza mwerebi kwenye chungu kwa miaka 5 katika karne ya 17. Mti uliongezeka kutoka kilo kama 2 hadi zaidi ya 70, na udongo ulipungua gramu chache tu, chini ya 100. Yeye alihitimisha ni maji peke yake. Waache darasa limkosoe: amesahau nini? Kabonidioksidi itatajwa na mtoto, na ikitajwa na mtoto inakaa.

Fikiri–jozi–shirikisha, ambayo Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliitoa mwaka 1981, ni ndugu yake wa karibu. Mwanafunzi anafikiri peke yake, anajadili na jirani, kisha jozi kadhaa zinasema mbele ya wote. Hakuna kura. Faida yake ni kwamba inapokea swali lisilo na majibu ya kuchagua: kwa nini mvuke wa nyuzi 100 unaunguza zaidi ya maji ya nyuzi 100? Hapo unataka sentensi za watoto wenyewe. Hasara ni kwamba umesikia jozi tatu kati ya 36, na mara nyingi ni zilezile. Chagua majina kwa kupitia orodha ya mahudhurio badala ya kusubiri mikono inyooshwe. Swali la dhana lenye makosa yanayojulikana lipelekee kura. Swali la kueleza lipelekee jozi.

Lugha nayo lazima itajwe, kwani mbinu hizi mbili zinategemea maneno. Sekondari za Tanzania zinafundisha sayansi kwa Kiingereza, na mtoto wa Kidato cha Kwanza ametoka kusoma karibu kila kitu kwa Kiswahili. Ukimlazimisha kubishana na jirani kwa Kiingereza atanyamaza, na utadhani hajui sayansi. Mimi ninaona sawa jozi zijadiliane kwa Kiswahili, halafu zisaidiwe kuandika hitimisho kwa Kiingereza cha mtihani, mwalimu akiweka ubaoni maneno matano sita ya kutumia. Wapo watakaolipinga hili kwa hofu ya sera ya shule. Kwangu fikra inatangulia.

Majadiliano ya kundi au vikundi vya wataalamu?

Majadiliano ya kawaida, kundi la watu wanane lenye mwenyekiti na katibu, ndiyo mbinu inayoandikwa mno kwenye maandalio na ndiyo dhaifu kupita zote nilizotaja. Katibu anafanya kazi. Wengine wanapumzika. Ningeiacha.

Kama unahitaji kundi, tumia vikundi vya wataalamu, utaratibu ambao Elliot Aronson aliuanzisha Austin, Texas, mwaka 1971. Mada inakatwa vipande, kila mwanakundi anapewa kimoja. Wenye kipande kimoja kutoka makundi yote wanakutana kukisoma, kisha kila mtu anarudi kundini kwake kufundisha. Hapo huwezi kujificha, maana kipande chako hakuna mwingine anacho. Falme tano za viumbe hai zinakatika vizuri hivi, vilevile aina za virutubisho na vyanzo vya nishati. Dhana ya moli haikatiki. Hatua ya pili inategemea ya kwanza, na aliyepewa hatua ya nne hana pa kuanzia. Hatari kubwa ni "mtaalamu" kufundisha kosa, kwa hiyo pitia maandishi ya kila meza kabla hawajatawanyika. Tenga vipindi viwili, kimoja hakitoshi.

Mradi

Mradi hauwezi kushindana na mbinu zilizotangulia kwa kasi wala kwa kumaliza mada. Unashindana nazo kwa jambo moja: swali ni la mwanafunzi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu pale Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye alipokuwa Mkwawa, Iringa, alichekwa kwa swali hilohilo. Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule na kuulizwa, hakucheka, alikwenda kupima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana kuhusu tukio hilo linalobeba jina la Mpemba. Ninalisimulia kwa walimu kila ninapopata nafasi, maana swali la aina hiyo huja darasani na tunalizima kwa haraka ya kumaliza silabasi.

Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa shule ya kutwa ya Keriko huko Nakuru, aliyepata tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, alijenga kazi yake kwenye vilabu vya sayansi katika shule yenye kompyuta moja. Hapo ndipo ninapouweka mradi: klabuni, mchana wa baada ya masomo, na mmoja kwa muhula kwa darasa zima. Uwe na swali moja la kupimika, kwa mfano ni udongo upi wa kijijini unaoshika maji zaidi, na kila wiki kuwe na kitu cha kukusanya. Mradi unaokusanywa siku ya mwisho tu hufanywa na kaka wa mwanafunzi.

Mada moja, mpangilio mmoja

Hakuna anayelazimika kuchagua mbinu moja kwa mwaka mzima. Tafiti 225 za vyuo vikuu zilizokusanywa na Scott Freeman na wenzake mwaka 2014 zilionyesha waliofeli wakipungua kutoka karibu 34 kwa kila 100 hadi 22 pale mihadhara mitupu ilipobadilishwa na ufundishaji wa kushirikisha. Zile ni za vyuo, na zilichanganya mbinu nyingi, kwa hiyo hazitusaidii kujua ipi ianze. Mimi, kwa mada ya umeme wa mkondo, ningepanga hivi.

Kipindi cha kwanza ni onyesho la kubashiri: balbu mbili za tochi zikiungwa mfululizo, mwanga utakuwaje ukilinganisha na balbu moja? Kipindi cha pili ni kura ya vidole kuhusu mkondo unaoingia na kutoka kwenye balbu, kisha ammita moja iunganishwe mbele ya wote, kwanza kabla ya balbu, halafu baada yake, wasome wenyewe namba ileile. Cha tatu mwalimu anaeleza. Ndiyo, anaeleza, dakika 25 za maelezo yaliyopangika na mifano ya kukokotoa, kwa watoto ambao sasa wanajua kwa nini wanasikiliza. Cha nne na cha tano ni vipindi viwili mfululizo vya kupima volti na mkondo, nusu darasa kwa zamu, kila mtoto akichora grafu yake.

Idadi ya vidole vya kura ya kwanza iandike pembeni mwa andalio. Baada ya wiki mbili uliza tena swali lilelile ukiwa umebadilisha mchoro: balbu mbili badala ya moja, betri upande wa pili. Wanaosema balbu inakula mkondo wakiwa bado wengi, kipindi cha pili ndicho cha kurudia kabla ya kuingia mada inayofuata.